Rangi ya mafuta ya kung'aa kwenye kuta za ndani: nipake au niache?

Nesi_Kigamboni

Wakuu habari zenu. Naomba ushauri kabla fundi hajafungua ndoo, maana ndoo ikishafunguliwa duka halipokei tena.

Najenga Kigamboni. Nyumba ni ya vyumba vitatu, sebule, jiko, na korido moja ndefu ya kama mita saba isiyo na dirisha hata moja. Kuta ni za tofali za bloku. Lipu ya ndani imemalizika wiki tatu zilizopita, na skimu, ile safu nyembamba ya kulainisha ukuta, imeanza vyumbani. Fundi anataka kupaka ndani kote rangi ya mafuta ya kung'aa, nyeupe. Anasema inadumu, inaoshwa, na korido itapata mwanga. Mume wangu ameshakubali. Mimi ndiye ninayesitasita, na pesa ya kurudia hatuna.

Rangi hiyo naijua na naipenda. Ni muuguzi, na zahanati yetu imepakwa rangi ya mafuta nusu ukuta, kuanzia sakafuni hadi kifuani, juu yake rangi ya maji ya kawaida. Tunaifuta kwa maji ya klorini ya asilimia 0.5, na miaka minane niliyokaa pale haijabanduka, isipokuwa nyuma ya benchi la wagonjwa ambako mbao zinagonga ukuta kila mtu anapokaa. Juu ya mstari kumejaa vidole, na ukijaribu kuvifuta unabaki na rangi kwenye kitambaa.

Nyumbani nina kijana wa miaka minne. Hapa tulipopanga alichukua mkaa jikoni akachora magari kuanzia mlangoni hadi chumbani kwetu. Nilifuta kwa kitambaa chenye maji na sabuni, mkaa ukatoka na rangi ikatoka nao. Sasa magari hayapo, lakini kila lilipokuwepo gari kuna duara jeupe. Mwenye nyumba ameshaniambia gharama ni juu yangu.

Kinachonizuia ni mambo mawili. Kwanza, jirani yangu kule site kapaka rangi hiyo sebuleni. Mchana pazuri. Nilienda usiku taa zimewashwa, nikaona kila mahali mwiko ulipopita, mabonde na vilima kuanzia dirishani hadi kwenye kona. Pili, mama yangu mzazi anahamia kwetu. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, anasubiri upasuaji, na mwanga mkali unamsumbua kuliko giza. Mlango wa baraza yetu unatazama magharibi, kuanzia saa kumi jioni jua linaingia hadi katikati ya sebule.

Kwa hiyo naomba mniambie: inafaa nyumba nzima, au baadhi ya sehemu? Korido itapata mwanga kweli? Na nikiipaka halafu ikanishinda, kuirudisha rangi ya maji ni kazi kiasi gani? Nawasilisha.

Fundi_Tandika

Hongera kwa ujenzi dada, na umefanya vizuri kuuliza ndoo zikiwa bado zimefungwa. Nimeshika brashi mwaka wa ishirini na mbili sasa, nitakwambia ninavyoijua hiyo rangi.

Rangi yoyote ina gundi na ina unga. Rangi ya maji isiyong'aa ina unga mwingi, ikikauka uso wake unakuwa na vinyweleo huwezi kuviona kwa macho. Mwanga ukipiga pale unatawanyika kila upande, ndiyo maana ukuta unaonekana mtulivu hata kama una kasoro. Ya kung'aa gundi imezidi unga. Gundi inakaa juu kama kioo, sehemu ya mwanga inarudi njia moja bila kutawanyika. Ukuta ukiwa umenyooka utapendeza mno. Ukiwa na kilima, kila mgeni atakiona. Ulichokiona kwa jirani yako usiku kilikuwepo kabla ya rangi, rangi imekitoa tu hadharani.

Fanya hivi leo usiku. Zima taa zote, washa tochi ya simu, ilaze ubavuni mwa ukuta, iguse kabisa, mwanga ukimbie sambamba na ukuta. Kila kivuli utakachokiona ndicho utakachokiona ukipaka rangi ya kung'aa. Weka alama kwa penseli. Ukihesabu vivuli vingi kuliko vidole vyako kwenye ukuta mmoja, achana na glosi, yaani hiyo ya kung'aa, hapo, au mwambie fundi arudie puti ya kuziba mabonde na msasa hadi tochi inyamaze. Kazi hiyo ni siku nzima zaidi kwa chumba, na wengi wetu hatuiweki kwenye bei tunapokutajia. Andikianeni kabisa: puti mara ngapi, msasa namba ngapi wa kumalizia, andakoti, yaani rangi ya chini kabla ya ile ya mwisho, ipo au haipo.

Sasa jambo lililonifanya niandike kirefu. Umesema lipu ina wiki tatu. Usipake rangi ya mafuta hapo.

Mwaka wangu wa tano kazini nilipewa nyumba, mwenyewe ana haraka ya harusi ya binti yake. Lipu ilikuwa na siku kumi na mbili. Nikapaka rangi ya mafuta sebule nzima, nikalipwa, nikasifiwa. Wiki ya tatu akanipigia. Nimefika nikakuta ukuta umetoa malengelenge, mengine makubwa kama kifuniko cha soda. Nilitoboa moja kwa ukucha, likatoka maji. Pembeni ya dirisha rangi ilikuwa haijakauka, inateleza, ukiipapasa kidole kinakuwa kama umeshika sabuni ya mche iliyolowa. Sikuelewa. Mzee mmoja wa kazi ndiye aliyenifungua macho: wanawake wanaopika sabuni mtaani wanachanganya nini? Mafuta na kostiki soda. Simenti mbichi ina ukali wa namna hiyohiyo, na rangi yako ina mafuta ndani yake. Ukaipaka juu ya simenti ambayo bado ina maji, ukuta unakupikia sabuni. Nilikwangua sebule ile yote kwa gharama yangu, nikakosa hata nauli mwezi mzima.

Lipu ipe siku 28 kwa uchache, na hizo ni siku za jua. Huu ni mwezi wa nne, masika, na Kigamboni maji hayako mbali chini ya mchanga, kwa hiyo usihesabu kalenda peke yake. Kata nailoni nyeupe inayoonyesha, kama nusu mita kwa nusu mita, ibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne pasiingie hewa. Iache hadi kesho yake. Ukikuta matone kwa ndani, au ukuta chini yake umekuwa mweusi kuliko pembeni, subiri. Weka moja juu na moja chini karibu na sakafu, tena kwenye kila ukuta unaopakana na nje au choo. Ukishakauka, anza na praima, rangi ya kwanza ya kushikia, inayostahimili ukali wa simenti, dukani waulize hivyohivyo.

Swali lako la kurudi nyuma: kurudi ni kugumu. Ukipaka rangi ya maji moja kwa moja juu ya mafuta, haishiki. Miezi sita baadaye utaishika pembeni utaivuta, itatoka ndefu kama nailoni ya mkate. Lazima uoshe mafuta ya mikono na ya jikoni kwa sabuni ya unga, upige msasa ukuta mzima mpaka mng'ao wote ufe, ufute vumbi, upake praima ya kushikia, ndipo rangi ya maji. Kiraka nacho hakikubali. Ukikwaruza mahali, ukigusa kwa brashi kidogo, doa litaonekana milele. Unapaka ukuta ule wote, kona hadi kona.

Mpangishaji_Nyakato

Mimi niko tofauti kidogo na fundi hapo juu. Nina vyumba sita vya kupangisha Mwanza, vyote nimepaka rangi ya mafuta hadi usawa wa swichi, tangu 2017. Mpangaji akihama naingia na ndoo ya maji, sabuni ya unga na sponji, saa mbili chumba kimekuwa kipya. Zamani kila anayehama lazima ninunue rangi. Wapo waliopikia ndani kwa mkaa, moshi umeganda ukutani, umetoka. Alama za mwiko zipo, sikatai, lakini mpangaji hajawahi kukataa chumba kwa sababu hiyo. Dada, kama una mtoto mchoraji, chini paka mafuta ulale usingizi.

Duka_Msamvu

Nauza vifaa vya ujenzi Morogoro, niongezee mambo ambayo wateja wanarudi kuuliza wakiwa wameshachelewa.

Kuhusu korido kupata mwanga. Mwanga wa chumba unaletwa na weupe wa rangi, siyo kung'aa kwake. Nyeupe isiyong'aa inarudisha mwanga karibu sawa na nyeupe ya kung'aa, tena inausambaza vizuri zaidi. Ya kung'aa itakuonyesha picha ya balbu ukutani, halafu pembeni yake pabaki vilevile. Kwa korido ya mita saba, ongeza taa ya pili, na dari lipake nyeupe isiyong'aa kabisa.

La pili ndilo kubwa. Rangi nyeupe ya mafuta inageuka njano, na inageuka haraka zaidi mahali pasipofikiwa na jua. Fungua kabati lolote la zamani lililopakwa mafuta meupe, linganisha ndani ya mlango na nje, utaona. Korido isiyo na dirisha ndiyo sehemu mbaya kuliko zote kwa rangi hiyo. Ukitaka mafuta hapo, chagua rangi ya maziwa au kahawia hafifu tangu mwanzo, njano ikija haitaonekana.

La tatu: kati ya mati, ile isiyong'aa kabisa, na glosi kuna ngazi. Viwandani wanapima kwa kifaa kinachomulika rangi kwa pembe ya nyuzi 60. Kuanzia 70 kwenda juu ndiyo glosi. Chini yake kuna nusu glosi, kisha satini na silki, ambazo siku hizi zinatengenezwa kwa maji, zinafutika, hazinuki, na ndani ya saa chache unapaka mara ya pili. Mafuta utasubiri mpaka kesho yake, na siku za mvua zaidi. Watu wengi wanaoomba "ya kung'aa" wanachotaka hasa ni kufutika. Waulize dukani neno hilo: inafutika?

Na kwa kuwa una mtoto mdogo: Shirika la Afya Duniani linapendekeza madini ya risasi kwenye rangi yasizidi sehemu 90 kwa milioni. Rangi za mafuta, hasa njano na nyekundu kali, ndizo zilizokuwa na tatizo hilo sana. Nunua yenye maandishi ya kiwango kwenye kopo, na usikubali ya kupimiwa kwenye chupa. Nyumba ya zamani yenye rangi ya mafuta usiipige msasa mkavu mtoto akiwa ndani, lowesha kwanza.

Bint_Mkunazini

Assalam aleikum. Nami nataka kusema kwa walio na nyumba za kizamani, maana wataisoma mada hii wakadhani inawahusu sawasawa.

Nyumba yetu ipo Mji Mkongwe, kuta za mawe na chokaa, nene kama mkono wangu kutoka bega hadi kidole. Ami yangu alichoka kupaka chokaa kila mwaka, akapaka rangi ya mafuta ukumbini hadi kiunoni, ya kijani, inang'aa ajabu. Masika ya kwanza ikavimba. Masika ya pili plasta ikadondoka mapande kwa mapande, na nyuma yake mchanga umelowa, ukiugusa unamiminika. Ukuta wa mawe unavuta maji kutoka chini siku zote, na chokaa inayaacha yatoke taratibu. Rangi ya mafuta imeyafungia njia, basi yakasukuma. Fundi wa chokaa alikwangua mpaka kwenye jiwe, akaliacha wazi miezi minne, ndipo akapiga chokaa tena. Hadi leo tunapaka chokaa kila mwaka, na ukuta umepona.

Nesi_Kigamboni

Nimerudi, na ninawashukuru kutoka moyoni. Nimefanya kila mlichosema, naleta majibu.

Tochi nilipiga Jumamosi usiku pamoja na mume wangu. Vyumbani skimu iko vizuri, vivuli vitatu vinne. Sebuleni tulianza kuweka alama za penseli tukaacha, ukuta mzima ulikuwa kama mchanga wa pwani maji yakishatoka. Mume wangu alisimama kimya, halafu akasema mwenyewe: hapa hapana.

Nailoni nilibandika saba. Tano zimetoka kavu. Mbili za chini kwenye ukuta wa mwisho wa korido, ule unaopakana na nje, zilikuwa na matone makubwa yanateremka. Nikazunguka nje kuangalia. Kumbe vijana walipochimba shimo la choo walirundika udongo wote kwenye ukuta ule, umepanda juu ya karatasi ya unyevu, ile inayozuia maji ya ardhini yasipande ukutani, kwa kama matofali mawili. Yaani mvua inanyesha kwenye udongo, maji yanaruka karatasi na kuingia ukutani. Tumeuondoa jana, toroli thelathini na moja. Ningepaka wiki hii, ningekuja hapa mwezi wa saba kuwalilia.

Kilichoamua sebule ni mama. Nilichukua vipande viwili vya jipsamu vilivyobaki darini, kimoja nikapaka mafuta ya kung'aa, kingine satini ya maji, vyote rangi ya maziwa. Nilivisimamisha ukutani sebuleni saa kumi na nusu jioni, nikamketisha mama atakapokuwa anakaa. Sikumwambia kipi ni kipi. Alikunja uso, akainua kiganja mbele ya kipande cha kwanza. "Hiki kinanipiga macho," alisema, "kama bahari jua likishuka." Akageukia cha pili, akashusha mkono, akaanza kuniuliza habari za kuku wake aliowaacha Pangani. Nina miaka kumi na minne kwenye uuguzi, nawaambia wagonjwa kila siku kwamba mtoto wa jicho unatawanya mwanga ndani ya jicho, na nilikuwa karibu kumjengea mama yangu ukuta wa kumuumiza kila jioni.

Kwa hiyo sebule na vyumba vyote ni satini ya maji inayofutika. Nimejaribu kipande kile kwa mkaa, umefutika umebaki ukungu kidogo tu. Dari mati nyeupe. Jikoni na korido tutapaka mafuta ya kung'aa kuanzia sakafuni hadi sentimita 120, rangi ya maziwa, juu yake satini. Korido haina jua, hakuna kitakachompiga mama macho, na kijana wangu hafiki juu ya hapo kwa miaka miwili mitatu ijayo. Taa ya pili imeshawekewa waya. Tutasubiri hadi mwezi wa sita, na nailoni nitabandika upya kabla ya kuanza.

Fundi wangu amekubali, tena bila kinyongo. Amebaki na swali ambalo hata mimi sina jibu: ule mstari wa kukutanisha mafuta na satini tunaupigaje utoke mnyoofu?

Fundi_Tandika

Safi sana dada, na msalimie mama.

Mstari msiupime kutoka sakafuni kila mahali, sakafu huwa haiko sawa na korido ndefu itawaumbua. Pimeni 120 sehemu moja tu, kisha zungusheni kwa mpira wa maji wa kupimia usawa hadi mwisho, ndipo mpige kamba yenye chaki. Pakeni satini ya juu kwanza, ishuke chini ya mstari kwa sentimita tano hivi, ikauke siku mbili. Bandikeni tepu ya karatasi juu ya mstari, msugue ukingo wake kwa kucha. Hizo sentimita tano za satini zilizobaki wazi upande wa chini wa tepu zipigwe msasa laini kidogo zishike. Kisha mafuta, mara mbili, rangi nyepesi, rola ndogo ya sponji kwanza halafu brashi ivutwe kwenda juu bila kurudi. Tepu itolewe mafuta ya mara ya pili yakiwa bado mabichi, ikivutwa polepole kwa pembe kuelekea chini. Mkisubiri ikauke, itaondoka na ukingo.